Ombi la Takwimu za Somo la Takwimu

Habari ilinifikia kupitia kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Mafiga, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la kukatika maji na lalamiko la jirani aliyepotelewa na mbuzi. Ilisema Masta katutoka alfajiri, maziko ni Mlali baada ya adhuhuri, magari yataondokea msikitini. Nilikuwa nimesimama uani, mswaki mdomoni, nikaisoma tena nikitumaini kwamba nimeisoma vibaya. Sikuwa nimeisoma vibaya. Mtaani kwetu Masta alikuwa mmoja tu. Nilibaki pale nikiitazama milima, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imejifunika wingu mpaka kiunoni, na sikuweza kumfikiria yule mzee akiwa amelala tu, asiyesubiri chochote. Katika safu hii nimewaaga watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi si mwepesi wa kummwagia marehemu sifa. Nimezoea kusema kwamba mtu aliyeshindwa kuwa mwema akiwa hai asitegemee kalamu yangu imsaidie akiwa kaburini. Leo sina hofu hiyo. Hofu yangu ni kwamba nitasema pungufu, maana mtu huyu aliniacha mdomo wazi na mpaka sasa sijaufunga vizuri.

Jina la Masta lilitokana na kazi. Alikuwa stesheni masta wa reli ile inayokwenda Zambia, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia Kisaki, kule ambako ukivuka uwanda kidogo tu unaingia porini kwa wanyama. Alipostaafu alijenga nyumba yake hapa mtaani, akiwa na mkewe na binti yao wa mwisho, na shamba la nyanya akaliacha kwao Mlali chini ya uangalizi wa ndugu. Hakuwa mtu wa maneno. Alifunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni, hata Februari, na alijibu salamu za watoto moja moja bila kuruka hata mmoja. Mimi, ambaye nalipwa kwa kusema sana, nilichelewa kumwelewa. Nilidhani ni mkimya kwa sababu hana la kusema, kumbe alikuwa mkimya kwa sababu maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kuuliza na kungoja.

Nieleze kidogo kazi hiyo, maana bila hiyo kisa chote kitakosa mguu. Reli yenyewe ni ya njia moja. Treni haiwezi kuachiwa iondoke stesheni mpaka masta apige simu kwa mwenzake wa stesheni inayofuata na kuuliza kama kipande kilichopo kati yao kiko wazi. Kwa lugha yao alisema anaomba njia. Mwenzake akijibu kwamba iko wazi, treni inakwenda. Akisema bado, treni inakaa. Asipojibu kabisa, treni pia inakaa. Aliwahi kunisimulia kwamba siku moja treni ya abiria ilikwama kwake kwa muda mrefu, na bwana mmoja mzito akashuka kutoka behewa la mbele, akamfuata ofisini akifoka, akimuuliza kama anamjua yeye ni nani. Masta akamjibu kwamba anamjua vizuri sana, ila habari za mbele hana. Yule bwana akarudi behewani akiahidi kumfukuzisha kazi. Baadaye ilijulikana kuwa treni ya mizigo ilikuwa imekufa njiani, katikati ya kipande kile kile. Nilimuuliza kama yule bwana alirudi kumwomba radhi. Masta alinitazama kwa mshangao, kana kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia akilini, akasema yule bwana alikuwa na haraka, na haraka si kosa.

Nyumbani kwake neno hilo la kazi lilikuwa limegeuka mzaha wa familia. Akifika mlango wa bafu, badala ya kugonga, aliuliza, “Njia?” Aliyekuwa ndani alijibu kwamba iko wazi au bado. Akitaka kuingia chumbani kwa binti yake akimletea chai wakati anasoma, alisimama nje ya pazia na kuuliza vivyo hivyo. Mkewe aliniambia kwamba binti alianza kulijibu swali hilo kabla hajajua kutamka majina ya wajomba zake vizuri.

Binti huyo aliingia chuo kikuu hapa hapa mjini. Chuo chenyewe sitakitaja, na wale wanaodhani wamekijua wasiwe na uhakika sana, vyuo mji huu unavyo. Alisoma vizuri mpaka alipokutana na somo la takwimu. Akafeli. Akapewa sapu, ule mtihani wa marudio ambao wanafunzi huutaja kwa sauti ya chini, nao akafeli. Siku matokeo yalipotoka, baba yake alisimama nje ya pazia akauliza, “Njia?” na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe binti hakujibu. Kanuni zilimpa nafasi ya kurudia mwaka, lakini yeye alikuwa ameshafungasha nguo. Alisema harudi. Alisema somo lile ni mtego, kwamba mhadhiri wake ana sifa ya kuwafyeka watu, kwamba kila mwaka nusu ya darasa hulala pale na hakuna wa kusema. Wanafunzi wenzake walisema hivyo hivyo, na waliowatangulia walikuwa wamesema hivyo hivyo. Basi swali lililokuwa limekaa ndani ya nyumba ile lilikuwa moja: binti ameonewa, au amefeli? Kama ameonewa, mzee alikuwa tayari kukata rufaa na kumtetea mpaka mlango wa mwisho. Kama amefeli, binti alikuwa anatupa masomo yake kwa sababu ya uvumi.

Kwa Waluguru, kama mnavyojua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli kubwa. Mjomba mtu akashuka kutoka milimani na mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mkubwa mwekundu, kikao kikakaliwa barazani, nami nikaitwa kama jirani na kama mtu anayejua, eti, watu wa chuo. Mjomba alikuwa mtu wa moyo mzuri, na alilifikiria jambo lile kwa namna ambayo wengi wetu tungelifikiria. Alimwambia Masta, kwa ile sauti ya wenyeji wa kule juu ambayo hufanya hata amri isikike kama wimbo, kwamba wanaume wawili waende kwa mhadhiri wakazungumze naye kiutu uzima. “Hatuendi kununua kitu, shemeji. Tunakwenda kuomba tu. Hakuna mtu anakataa jogoo.”

Masta alimtazama yule jogoo. Kisha akasema, “Tukimpelekea jogoo, tutakuwa tumekwisha kubali kwamba binti kafeli na tunataka afichiwe. Mimi bado sijajua kama kafeli.” Jogoo aliliwa siku ile ile, na lazima niseme kwamba alikuwa mtamu.

Siku chache baadaye alikuja kwangu mchana, akakataa kiti cha kuegemea, akauliza kama ni kweli alilosikia redioni kwamba ipo sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kupewa. Nikamwambia ipo, imepitishwa na bunge, ina vifungu na kila kitu. Halafu, kwa tabia yangu, nikaongeza mzaha kwamba sheria hiyo na maofisi yetu hufahamiana kwa mbali tu, hawajawahi kutembeleana. Hakucheka. Alisema, “Kama ipo, basi nitaomba.” Alitaka kuambiwa jambo moja: kila mwaka ambao somo lile limefundishwa, wanafunzi wangapi walifanya mtihani, na wangapi walipata kila daraja, kuanzia la juu mpaka la kufeli. Nikamuuliza kama anataka na majina. Akasema majina hayataki, majina ni ya wenyewe.

Aliandika barua yake kwa mkono, kwa mwandiko wa reli ambao kila herufi husimama peke yake, akaipeleka steshenari ya hapo barabarani ikachapwe. Na hapa, msomaji wangu, ndipo lugha yetu ilipomfanyia mzee wa watu kituko. Kichwa cha barua alikuwa amekiandika hivi: YAH: OMBI LA TAKWIMU ZA ALAMA ZA SOMO LA TAKWIMU. Dada wa steshenari, mchapaji hodari ambaye amekwisha kuokoa barua nyingi za mtaa huu kutokana na makosa ya waandishi wake, akaona neno takwimu limejirudia katika mstari mmoja. Akadhani mzee kateleza. Kwa wema kabisa, bila kusema, akalifuta la kwanza na kuunganisha kilichobaki. Masta alisaini bila kurudia kusoma kichwa, maana nani husoma kichwa cha barua yake mwenyewe, akaipeleka masijala ya chuo, ikagongwa mhuri. Barua iliyopokelewa ilisema: YAH: OMBI LA ALAMA ZA SOMO LA TAKWIMU.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na chuo anajua kuomba alama ni nini. Ni kumfuata mwalimu ukiwa umeinamisha kichwa, ukimweleza habari za mama mgonjwa. Sasa hapa mzazi alikuwa ameomba kwa maandishi, kwa saini, tena akitaja na sheria. Sina hakika kama kuna aliyeendelea kusoma chini ya kichwa kile. Binti aliitwa ofisi ya taaluma akaambiwa kwamba chuo hakivumilii wazazi wa namna hiyo. Kabla hajatoka nje ya geti, mabweni yote yalikuwa na habari. Alifika nyumbani amevimba macho, akamkuta baba yake anapunguza majani ya mchongoma, akamuuliza, “Baba, umeniombea alama?”

Masta aliingia ndani, akatoa nakala, akavaa miwani, akasoma kichwa cha barua kwa sauti. Mkewe anasema alicheka mpaka ikabidi akae kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kwamba katika ndoa yao hakumbuki kumwona akicheka hivyo. Kisha akaacha kucheka, akamtazama binti yake, akaenda kuvaa shati. Njiani alinipitia, akasema anahitaji mtu wa kushuhudia kwamba hakugombana na mtu.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye mafaili mpaka kwenye dirisha na uso wa mtu aliyekwisha kuombwa kila kitu. Lakini adabu aliijua. Alisimama akatoa shikamoo kwanza, Masta akaitikia marahaba, mwanangu, na ndipo mama yule akasema kwa upole kwamba pale alama haziombwi, zinatafutwa. Masta alikubaliana naye kabisa. Akaiweka nakala mezani, akaeleza kwamba kuna neno limedondoka, na kwamba neno lenyewe ni lile lile linaloonekana pale mwisho, isipokuwa lilitakiwa liwepo mara mbili. Mama akasoma, midomo ikimcheza. Takwimu za alama za somo la takwimu. Nikaona kitabasamu kinakuja, kikafukuzwa.

“Sasa mzee wangu, hizo takwimu unazitaka za nini? Unataka kumshitaki mwalimu?”

“Bado sijui, mwanangu. Nikishaambiwa ndipo nitajua.” Akaisogeza ile nakala karibu naye. “Nilipokuwa stesheni, niliomba njia kwa mwenzangu kila treni ilipokuja. Hata siku moja hakuniuliza naitaka ya nini.”

Nimeingia katika ofisi nyingi kwa kazi hii yangu, nikiwa na kitambulisho cha gazeti shingoni, na nimesikia watu wakitisha, wakibembeleza, wakitaja majina ya wakubwa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa utulivu ule, asiye na deni la shukrani wala dalili ya hasira. Yule mama akasema barua iliyokwisha kugongwa mhuri hairekebishwi kwa kalamu, alete nyingine. Tukarudi steshenari. Safari hii Masta alisimama nyuma ya kiti cha mchapaji mpaka takwimu zote mbili zilipokaa mahali pake.

Tangu siku ile nimelifikiria sana neno hili kuomba. Tunalo moja tu na tunalitumia kwa kila kitu. Tunaomba chumvi kwa jirani, tunaomba kazi, tunaomba radhi, tunaomba dua, ombaomba naye anaomba. Ukiingia ofisini kuomba taarifa ambayo ni haki yako, neno lenyewe limekwisha kukupigisha magoti kabla hujafungua mdomo, na aliye upande wa pili wa meza limekwisha kumkalisha kwenye kiti cha mfadhili. Yeye si mtu mbaya. Amesikia tu lile neno, na neno limemwambia kwamba anaweza kutoa au kunyima. Watu wengi wameniambia kwamba dawa yake ni kuacha kuomba na kuanza kudai, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo kwa mbwembwe. Masta hakudai. Aliendelea kuomba, ila aliomba kwa namna ya reli, ambako anayeomba na anayeombwa wote ni watumishi wa treni ile ile, na anayejibu hamfanyii mwenzake hisani. Sikujua kwamba inawezekana. Nilimwona kwa macho yangu akifanya, na bado inanishangaza.

Jibu lilichelewa. Likapita muda ambao sheria imeuweka, likaendelea kuchelewa. Masta alikuwa akienda kukaa kwenye benchi la korido, na mama yule akipita, mzee alimuuliza kama jibu limetoka. Bado, mzee. Ahsante, mwanangu. Kisha alirudi nyumbani. Hakupaza sauti, hakutaja mkubwa yeyote, na mimi nilipojitolea kuandika katika safu hii alinikataza, akasema mwenzake hajakataa, hajajibu tu. Yule mama ameniambia mwenyewe, siku ya msiba, kwamba ile ahsante ndiyo iliyomnyima raha. Mtu akifoka unajua la kufanya, unafoka na wewe au unamwita mlinzi. Huyu alikuwa anashukuru kwa kuambiwa bado. Ikambidi aanze kuwauliza wenzake, na akagundua kwamba karatasi hiyo haikuwepo. Alama zilikuwepo, zimetawanyika, mwaka huu huku na mwaka ule kule, lakini hakuna mtu chuoni aliyewahi kuziweka pamoja na kuzitazama. Mhadhiri mwenyewe hakuwahi. Alipoulizwa alikasirika kwanza, akadhani anatafutwa. Kisha, akasema yule mama, akavutwa na hamu ya kujua, akakaa akazikusanya yeye mwenyewe.

Siku bahasha ilipotoka, Masta hakuifungua korido. Alikuja nayo nyumbani, akatuita barazani, mkewe, binti, mjomba mtu na mimi. Nilimwambia pembeni kwamba angesoma kwanza peke yake, ajue limesemaje. Akasema aliomba mbele ya watu, atajibiwa mbele ya watu. Akafungua, akavaa miwani, akasoma mwaka mmoja baada ya mwingine kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka. Wengi walikuwa wamefaulu. Kila mwaka. Waliofeli walikuwa wachache, na mwaka wa binti yake haukuwa na tofauti na mingine. Ile nusu ya darasa inayolala haikuonekana popote. Hapakuwa na mtego. Binti alikuwa amefeli.

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. Alisema karatasi ile haina faida, ikunjwe iwekwe mahali, mtaa usijue. Binti alikuwa ametazama chini. Akasema polepole, na nilimheshimu kwa kusema, kwamba angefurahi kama wangefeli wote. Nilimtazama Masta nikitarajia kuona mtu aliyeshindwa, maana alikuwa amezunguka na suala lile msimu mzima wa mvua, amechekwa, na mwisho wake ameletewa ushahidi dhidi ya mwanawe kwa ombi lake mwenyewe. Alikuwa anaikunjua karatasi vizuri juu ya goti.

“Wengi wanapita,” alisema. “Basi njia ipo. Ningeambiwa hakuna anayepita, ningekuwa na hofu.”

Mimi nilikuwa nimesikia kwamba binti kafeli, na yeye kutoka katika karatasi ile ile alikuwa amesikia kwamba binti anaweza kufaulu. Sidhani alikuwa anajifariji. Alikuwa ametumia maisha yake yote kupokea majibu ya watu wa mbele bila kuyapinda, na alijua kwamba jibu la bado linamsaidia dereva sawasawa na jibu la twende. Binti alifungua begi lake siku ile ile na kutundika nguo. Alirudia mwaka. Baba mtu naye akarudi chuoni, wakadhani amekuja kushitaki, kumbe amekuja kutoa shukrani, na kuuliza kama karatasi ile inaweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili watoto wengine wasiogopeshwe na uvumi. Ikabandikwa. Naambiwa kwamba mpaka leo, kila matokeo yakitoka, mstari mpya huongezwa, na masomo mengine nayo yameanza kufuata. Mimi nilikwenda kuutazama ubao ule. Wanafunzi walikuwa wamesimama mbele yake wakisoma, na hakuna hata mmoja wao aliyejua ni nani aliyeiomba karatasi ile.

Mlali siku ya maziko kulikuwa na jua kali na udongo mkavu. Tulipokezana beleshi kama ada, na nilipomaliza zamu yangu, mtu niliyemkabidhi alikuwa amevaa shati la ofisini na viatu visivyofaa kwa shamba. Nilimuuliza jirani yangu ni nani. Alikuwa ni yule mhadhiri wa takwimu. Katika uhai wa Masta hawakuwahi kuzungumza hata mara moja. Alifukia mpaka jasho likamlowesha, na hakutaka kupokewa haraka.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda upande wa wanawake kumpa pole binti, ambaye sasa amemaliza chuo na anafanya kazi. Nilimuuliza kama baba yake alifurahi sana siku alipofaulu lile somo. Akasema hakuwahi kumuuliza amepata ngapi. Alisimama tu nje ya pazia, akasema, “Njia?” naye akajibu kwamba iko wazi, baba yake akamletea chai. Kisha akaniambia habari ya hospitali. Siku ya mwisho ya kumwona, saa ya wagonjwa kutazamwa, alimkuta amefumba macho, akadhani amelala. Akainama, akamuuliza lile swali la nyumbani, Baba, njia? Mzee alichukua muda, kama mtu aliyeshika mkono wa simu anamsikiliza wa upande wa pili.

“Nimeomba, mama,” alisema. “Nasubiri wajibu.”

Hayo ndiyo aliyoniachia, nami nawagawia. Tumezoea kufunzwa kuuliza, na gazeti hili linajisifu kwa kuuliza, lakini mara nyingi tunauliza huku tumekwisha kuchagua jibu, na likija tofauti tunalificha chini ya godoro. Kwa mzee yule nilijifunza kwamba kazi haiishii kwenye kuomba. Ukishaomba unabaki pale pale ulipo, vifungo vya shati vimefungwa, unalingoja jibu uliloomba, na likifika unalisoma kwa sauti ile ile hata kama limekukatalia.